Kufumbua kwa Kisu

Kwetu Kasongo neno kufumbua huanzia mkononi. Nilipokuwa mdogo mama yangu alinikamata mara nyingi mlangoni pa jikoni, ngumi imefumbwa juu ya karanga nilizochota kwenye ungo, naye akasema neno moja tu: "Fumbua." Hakuna aliyenieleza maana yake, na sikuhitaji kuelezwa. Asubuhi neno lilipanda machoni: "Fumbua macho, masomo haitakungojea." Nikiugua malaria lilishuka mdomoni, kwa ajili ya kile kidonge kichungu ambacho mtoto yeyote mwenye akili hukibania meno. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba kufumbua ni kazi inayotaka upole kidogo na nguvu kidogo, na kwamba mara nyingi kilichofichwa ndani ni karanga tu.

Mjomba wangu hakuona hivyo. Huyu ni kaka mkubwa wa mama, na ndiye mfumbuzi wa ukoo wetu. Alifumbua ndoto za watu ambao hawakumwomba. Alifumbua kikohozi cha jirani, akasema si kikohozi, ni deni. Redio ikinyamaza katikati ya habari, sisi wengine tulisema betri imekwisha, yeye alitikisa kichwa na kutuonea huruma. "Fumbo mfumbie mjinga," alipenda kusema, "mwerevu atalifumbua." Mwerevu alikuwa yeye, na wajinga tulikuwa sisi sote waliobaki. Hatukumchukia kwa hilo, kwa sababu ni mtu mwema, wa kwanza kufika penye msiba na wa mwisho kuondoka.

Nayasema haya mapema ili kisa cha kifurushi cha Wamaza kieleweke, maana kifurushi kile nusura kininyang'anye mtoto wangu.

Niliolewa na mtu wa upande wa Kabambare, kijiji kimoja mbele kidogo ya Wamaza, nasi hukiita Wamaza tu, kwa Wabangubangu. Wao ni wakulima na Waislamu, sisi ni wakulima na Wakristo, na mambo hayo hayakutusumbua kamwe. Mimi ni fundi wa nguo. Mume wangu alikuwa akipeleka vitenge na sabuni kwa wachimbaji wa dhahabu kule Salamabila. Aliugua, akafa, binti yetu akiwa bado na meno yake yote ya kwanza. Sitasema mengi juu ya hilo. Aliyefiwa anajua, na ambaye hajafiwa asiwe na haraka ya kujua.

Baada ya arobaini mama mkwe wangu aliniomba kitu kimoja: mtoto abaki naye kwa muda. Alikuwa amemzika mwana wake wa pekee, na nyumba yake ilikuwa imenyamaza mpaka kuku walisikika wakitembea. Ningewezaje kukataa? Nilirudi Kasongo na cherehani yangu, nikaanza kungoja. Ule muda ukawa msimu mzima wa mpunga, kisha msimu mwingine, barabara ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena.

Mtoto akafikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Shule ya kijijini kwao ilikuwa imebaki na paa bila mwalimu, na hapa Kasongo ningeweza kumwandikisha karibu na nyumbani. Basi nikamtuma motari, ndivyo tunavyowaita vijana wa pikipiki, apeleke neno langu kwa mama mkwe: naomba mtoto arudi. Simu isingefaa. Kule mtandao unapatikana juu ya kilima, tena mbingu ikipenda, na mama mkwe wangu hajawahi kukubali kusemea kwenye simu. Anasema ni chombo kinachomlazimisha mtu kujibu kabla moyo haujakaa sawa. Isitoshe, kwa desturi mtoto ni wa upande wa baba. Yule mama angesema hapana, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Mimi ningelia, na kulia si hoja.

Mume wangu alikuwa amenionya zamani juu ya mama yake. "Mama yangu neno kubwa halitoi na mudomo," aliniambia siku za uchumba. "Analifunga, anakutumia." Nilicheka, nikadhani ni utani wa wachumba.

Motari aliporudi hakuwa na neno lolote kinywani. Alinikabidhi kifurushi cha majani makavu ya mgomba, kikubwa kama kichwa cha mtu, kimezungushwa kamba iliyosokotwa kwa mkono. Juu yake palikuwa na fundo, na kamba imebakiza kijimkia kilichochungulia kama mkia wa panya.

"Yule mama amesema hivi," motari akaniambia, "jibu yake njo hii."

"Hakusema kitu ingine?"

"Alinipa ndizi, nikakula. Basi."

Sikukifungua. Mtu mwenye akili timamu angekifungua palepale barabarani, lakini mimi niliogopa, na mwoga huita watu. Nikamwita mama, na mama akamwita kaka yake. Mjomba akasema ngojeni. Akaenda kuoga. Akarudi amevaa koti lake la sikukuu, lile lenye kifungo kimoja ambacho nilikishona mwenyewe na hakilingani na vingine, akaketi, akakiweka kifurushi mapajani. Akakigeuza upande huu na upande ule. Akakinusa. Kisha, kufumba na kufumbua, kisu kilikuwa kimetoka mfukoni, kamba imeanguka chini, na majani yamepasuka.

Ndani mlikuwa na karanga za maganda, nyingi. Palikuwa na chumvi imefungwa kwenye kitambaa pamoja na kipande cha kaa la moto lililozimika. Palikuwa na unyoya wa kuku. Na katikati ya karanga palikuwa na ndara moja ya mtoto, ya mguu wa kulia, imelika kisigino. Ndara ile niliitambua mara moja. Ni mimi niliyemnunulia, sokoni, siku tulipokwenda Wamaza na baba yake akiwa mzima.

Mjomba alivipanga vile vitu juu ya mkeka kwa utaratibu, akanyamaza kwa muda wa kutosha ili tuone kwamba ananyamaza. Halafu akaanza kufumbua.

"Kiatu iko moja. Mutu na kiatu moja hatembei. Maana yake: mutoto hatoki pale. Makala, hii ni moto iliyozimika. Maana yake: undugu wetu na wao umezimika siku ile kijana yao alikufa. Manyoya: kuku amekwisha kuruka, ninyi munabaki na manyoya. Chumvi..." Hapo alisita kidogo, chumvi ilimpa shida. "Chumvi ni machozi yako, mutoto yangu."

"Na karanga?" mama akauliza.

"Karanga iko ndani ya maganda. Njo siri yenyewe."

"Karanga ni karanga," mama akasema, akazimenya mbili, akazitafuna. "Tena ni nzuri."

Mjomba alimtazama dada yake kwa ule uso wa kuwahurumia wajinga. Mimi sikucheka. Nilimwamini mjomba, neno kwa neno, na hilo linaniudhi mpaka leo. Ukiwa na hofu, anayekuletea habari mbaya huonekana mwenye hekima kuliko anayekuletea karanga. Nilikwenda nyuma ya nyumba na ile ndara kifuani, nikalia mpaka pua ikaziba.

Mjomba alinionea uchungu, na uchungu wake ukamfanya awe hatari zaidi. Alisema fumbo hujibiwa kwa fumbo, hatutalala na matusi. Akatengeneza kifurushi chake: pilipili kavu konzi nzima, na kijiti alichokichoma nusu, na juu yake neno la mdomo ambalo motari alipaswa kulisema mbele ya watu wote wa kijiji, kwamba sasa tutakutana kwa chifu. Motari alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Mjomba akampelekea mzigo jioni ile ile, akarudi ameridhika. Mama akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba akasema maji yalimwagwa na wale.

Nilijua kwamba neno lile likifika, nimekwisha. Mama mkwe wangu si mtu wa kugombana. Angeufunga mlango wake tu, na mtoto angekuwa ndani. Lakini sikumzuia mjomba. Nilikuwa nimechoka, na moyoni nilitaka mtu mwingine aumie kidogo kama mimi.

Asubuhi nilikaa kwenye cherehani kwa sababu mteja wangu alikuwa anakuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Huyu mteja ni mama mmoja mzaliwa wa Wamaza aliyeolewa hapa Kasongo, muuza mawese, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko. Nilimvika gauni nusu limeshonwa, nikaanza kumbana kwa pini kiunoni, na pini ya tatu nikamchoma.

"We mama, unanishona ao unanichinja?" akasema. Halafu akaniona uso. "Iko nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni: ombi langu, kifurushi, ndara, kaa, unyoya, na jinsi mjomba alivyofumbua. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza.

"Na fundo ilikuwa namna gani?"

"Fundo gani?"

"Fundo ya kamba. Mulivuta mukia, ikafanya nini?"

"Hatukuvuta. Mjomba alikata na kisu."

Yule mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu! Ninyi watu wa Kasongo! Kwetu kule jibu haiwekwi ndani. Ndani unaweka chakula tu, kwa sababu mukono mutupu haulambwi. Jibu iko kwa fundo. Kama ni ndiyo, unavuta mukia mara moja, yote inaachia. Kama ni hapana, ukivuta inakaza zaidi, mpaka ukate. Yule mama alikuandikia kwa juu, ninyi mukaenda kusoma tumbo!"

Niliacha pini zote juu ya meza. Tulikimbia, mimi mbele, yeye nyuma ameshikilia gauni lisilo na mkono mmoja, na watu wa barabarani walitupisha kwa heshima, wakidhani kuna moto mahali. Nyumbani nilimkuta mama akipepeta mchele.

"Mama, ile kamba iko wapi? Kamba ya kifurushi!"

"Kamba nzuri vile, nitupe?" mama akasema. "Nimefungia mulango wa kuku."

Mama yangu hatupi kitu. Nimemlaumu kwa hilo maisha yangu yote, kwa makopo, kwa vifuniko, kwa vipande vya mifuko, na siku ile nilitaka kumbusu miguu. Kamba ilikuwa pale kwenye kizimba cha kuku, imezungushwa kwenye mlango. Mjomba alikuwa ameikata ubavuni. Mama alichukua ncha mbili zilizokatwa akazifunga kwa fundo lake mwenyewe. Na lile fundo la Wamaza lilikuwa bado limekaa katikati, halijaguswa, na kijimkia chake kinachungulia.

Mjomba alitoka ndani kusikia kelele ni za nini. Mteja wangu alimweleza kwa sauti ile ya sokoni, kwa hiyo aliwaeleza pia majirani. Mjomba alisimama, mikono nyuma, akaitazama ile kamba kama mtu anayetazama daraja alilopita usiku bila kujua kwamba ubao mmoja haupo.

"Vuta," mteja akaniambia. "Wewe mwenyewe. Jibu ni yako."

Vidole vyangu vinashona tundu la kifungo gizani, lakini mkia ule vilishindwa kuushika. Nilijipangusa jasho kwenye kitenge, nikajaribu tena. Nilifikiri: likikaza, basi nimekuwa mama wa mtoto wa sikukuu, wa kuonwa mara moja kwa mwaka. Nikavuta.

Liliachia. Liliachia lote kwa mara moja, laini, bila hata sauti, kamba ikaanguka mkononi mwangu na mlango wa kizimba ukafunguka, na kuku wote wa mama yangu wakatoka nje kutawanyika uani. Hakuna aliyewakimbiza. Mimi niliketi chini palepale penye mavi ya kuku, nikacheka, nikalia, nikacheka, na mteja wangu akapiga vigelegele mpaka mshono wa ubavuni ukaachia. Sijui kama nimewahi kupumua vile tena. Ilikuwa kama pumzi ambayo nilikuwa nimeibana tangu baada ya arobaini.

"Mimi nilisema ile karanga ni neno nzuri," mjomba akasema.

"Hukusema," mama akajibu. "Na pilipili yako iko wapi sasa?"

Sijawahi kumwona mjomba akikimbia kabla ya hapo, na sidhani nitamwona tena. Alikimbia na koti, na viatu vya ngozi, mzee wa ukoo, mpaka kwenye kituo cha pikipiki. Motari alikuwa anamalizia kukaza mnyororo, mzigo umekwisha kufungwa nyuma ya kiti. Mjomba alirudi amekumbatia kifurushi chake kifuani, hawezi kusema, na mama akampokea, akatoa pilipili, akaitia kwenye sombe, kile kisamvu cha mchana. Tulikula. Ilikuwa kali mno, na kila mtu aliyelia alikuwa na sababu ya kusingizia.

Tulikwenda Wamaza, mimi na mjomba, kila mmoja nyuma ya pikipiki yake. Mjomba ndiye aliyetaka kwenda. Alisema aliyekata ndiye anayeomba radhi. Mvua zilikuwa zimeanza. Penye mito midogo tulishuka, motari wakavusha pikipiki juu ya magogo, na sisi tukafuata tumeshikana mikono, mjomba akiniambia nisitazame chini na yeye mwenyewe akitazama chini. Ile kamba niliifunga kiunoni, ndani ya kitenge.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye baraza akichambua maharage. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mweusi sana, mwenye macho yanayokaa juu ya kitu muda mrefu. Tulisalimiana, tukapewa maji. Nikaitoa kamba, nikampa kwa mikono miwili, imeachiliwa, haina fundo ila lile la mama yangu. Aliipapasa tangu mwanzo mpaka mwisho. Vidole vyake vikafika penye ncha iliyokatwa, vikasimama.

"Hapa pamekatwa," akasema.

Mjomba alikohoa. Alieleza, na ninakiri alieleza kwa uanaume, hakuficha kitu: kisu, unyoya, makaa, machozi yangu. Hata pilipili aliitaja. Mama mkwe alimsikiliza na uso wa msiba, mpaka alipofika kwenye unyoya. Hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mkono mdomoni, kama wasichana wanavyocheka msikitini.

"Bukwe, ile manyoya!" akamwambia mjomba, kama mkwe kwa mkwe, alipoweza kupumua. "Kuku analala mu kitunga yangu. Manyoya iliingia yenyewe. Na makala, ni kwa chumvi. Barabara iko na mvua, chumvi itakuwa maji. Kwenu hamutii makala mu chumvi?"

"Na kiatu?" nikauliza.

Mama mkwe akaita ndani, na binti yangu akatoka. Alikuwa amerefuka. Meno ya mbele hayakuwepo. Mguu wa kushoto alivaa ndara, mguu wa kulia ulikuwa mtupu, na baadaye niliambiwa kwamba tangu kifurushi kiondoke alikataa kuivua ile moja, eti mwenzake iko kwa mama. Alijificha kidogo nyuma ya bibi yake. Kisha akanikumbuka kwa mwili wote, akaja.

Sitaandika nilivyomshika. Nitaandika tu kwamba nilipomwachia, nilitoa ile ndara ya kulia mkobani, akaivaa, na vidole vyake vikatokeza mbele mpaka vikagusa udongo.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Vidole yote iko inje. Nilikutumia kipimo, ununue viatu ya masomo."

Mimi ninayeishi kwa kuwapima watu, mwenye utepe shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, niliutazama mguu wa mtoto wangu mwenyewe nikaona fumbo. Mjomba alikuwa anatazama paa la nyumba kwa makini sana.

Tulilala pale. Asubuhi mama mkwe alimwogesha mjukuu wake mwenyewe, akampaka mafuta, akamsuka upya ingawa nywele zilikuwa bado nzuri. Alinipa kifurushi cha njiani, cha majani ya mgomba kama kile cha kwanza, kimefungwa kwa kamba ile ile. Wakati motari wanawasha pikipiki alisimama karibu yangu, akasema bila kunitazama, "Nasikia vakansi ya masomo ni ndefu."

Nilielewa anachoomba: likizo ikifika, mtoto aende kwake. Lakini nilikuwa nimempata mtoto wangu muda mfupi tu, na mikono yangu ilikuwa bado imefumba. Nilijifanya ninakaza mkoba, nikasema, "Ndiyo, Mama, wanasema ni ndefu," nikapanda. Hakurudia neno.

Nyumbani mama alikuwa amepika wali na kuku, mmoja wa wale waliotoroka. Tulipomaliza kula tulikiweka kile kifurushi cha njiani katikati ya mkeka. Nilimwona mjomba: mkono wake ulielekea mfukoni, wenyewe tu, kwa mazoea. Akaukamata kwa mkono wa pili. Kisha akaukalia.

"Fumbua, mama," akamwambia binti yangu, kwa ule wema wa kuwaita wasichana wadogo mama.

Mtoto akavuta mkia. Fundo likaachia. Ndani mlikuwa na karanga.

"Hata ile ya kwanza nilifunga mimi," akasema, huku akizimenya.

"Bibi alikuonyesha namna ya kufunga?" nikamuuliza.

"Alinionyesha zote mbili. Ile ya kuachia na ile ya kukaza. Nilijifunza mpaka nikajua. Halafu akanipa kamba, akasema, 'Sasa funga ile unapenda.'"

"Na yeye alikuwa anaangalia?"

"Hapana. Aligeuka kule. Alikuwa anaangalia kuku."

Mama aliacha kukusanya sahani. Nilimwona akilini yule mwanamke mdogo barazani kwake, mwenye haki yote ya desturi mkononi, aliyemzika mwana wake wa pekee na kubakiwa na mtoto huyu mmoja wa kumwita bibi, akiwa amempa mgongo ili asimshawishi hata kwa macho. Ndara alikuwa amekwisha kuiweka ndani. Kwa upande wake alikuwa amekwisha kukubali, na bado alitaka mtoto aseme mwenyewe. Ningekuwa mimi, nisingegeuka.

Kesho yake nilimpeleka binti yangu kupima viatu. Na nilipomaliza gauni la mteja wangu, na kurudishia mshono wa vigelegele bila malipo, nilikata kitenge kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, nikamshonea mama mkwe wangu nguo. Sikuwa na vipimo vyake. Nilitumia kumbukumbu ya mabega yake alipokuwa anacheka. Nikaikunja ndani ya majani, nikaweka na sabuni kidogo, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, nikachukua ile kamba yenye ncha iliyokatwa. Mwalimu wangu aliketi mbele yangu, amekunja miguu.

Fundo langu la kwanza mtoto alilivuta, likakaza. "Mama, hii ni ya hapana," akasema, akacheka mpaka pengo lote likaonekana. La pili pia lilikuwa la hapana. Mjomba, ambaye alikuwa amepita tu kusalimia, alikaa kimya kwa shida kubwa, akijifunza kwa pembe ya jicho. Mwishowe nikalipata. Mtoto akalivuta, likaachia. Akaniambia nilifunge tena vilevile, nikalifunga.

Nilimpa motari kifurushi. Aliniuliza aseme nini akifika, nikamwambia aseme jibu langu la vakansi ndilo hili, na asikubali kuondoka kabla hajapewa ndizi. Mkia wa kamba niliuacha mrefu kuliko inavyotakiwa, kwa sababu macho ya mama mkwe wangu yameanza kuchoka, na sikutaka ahangaike kuutafuta.